Kilindini, Burma na Chimbuko la Kompyuta

Soko la nyama la Burma, mtaani Shauri Moyo, lina jina la nchi ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani mwaka 1944. Vita hivyo vilikuwa na uwanja mwingine usiokumbukwa na soko lolote: ufumbuaji wa ujumbe wa siri wa redio. Sehemu yake ilifanyika Mombasa, na uzito wa kazi ya namna hiyo ndio uliowasukuma Waingereza kuunda mashine za kasi zilizotangulia kompyuta.

Ndege za Japani ziliposhambulia Colombo mwezi Aprili 1942, manowari za Uingereza zilihamia bandari ya Kilindini, Mombasa. Wafumbuzi wa maandishi ya siri, waliokwisha kuhama Hong Kong na Singapore, walizifuata kutoka Colombo, wakapewa jengo la shule ya Allidina Visram, linalotazama bahari.

Katika msimbo mkuu wa jeshi la majini la Japani, kila neno lilikuwa na namba ya tarakimu 5. Mtumaji alijumlisha juu yake namba nyingine kutoka kitabu cha siri, na aliyenasa ujumbe aliona jumla tu. Mwanya ulikuwa mdogo: namba halisi zote ziligawanyika kwa 3. Mfumbuzi alikisia namba iliyoongezwa, akaitoa, akatazama kama jibu linagawanyika. Lisipogawanyika, alianza upya. Hesabu yenyewe ingefanywa na mtoto wa shule. Kilichochosha ni kuirudia maelfu ya mara, huku meli zikizama.

Novemba 1942, Mombasa iliufumbua msimbo wa meli za mizigo za Japani, JN-40. Mtumaji mmoja alisahau kutaja mahali meli ilipokuwa, akautuma ujumbe upya kwa ufunguo uleule. Wafumbuzi wakalinganisha nakala hizo mbili, na siri ikafichuka kwa muda usiofika wiki. Lakini kosa la adui haliji kila siku.

Huko Bletchley Park, kituo cha wafumbuzi nchini Uingereza, jibu lilikuwa mashine. Tommy Flowers, mhandisi wa simu wa Posta, aliunda Colossus ili kufumbua ujumbe wa mashine ya Kijerumani ya Lorenz. Wengi waliamini valvu zake nyingi, yaani mirija ya kielektroniki ya kioo, zingeungua kila mara. Flowers alijua kutokana na kazi yake ya simu kwamba valvu isiyozimwa-zimwa hudumu. Colossus ya kwanza ilianza kazi mapema 1944 ikiwa na valvu 1,600 hivi, ikisoma herufi 5,000 kwa sekunde.

Baada ya vita, rada nayo ilitoa mchango wake. Freddie Williams na Tom Kilburn, waliotoka kwenye utafiti wa rada, walitumia bomba la kioo kama la skrini ya rada kuhifadhi tarakimu, na tarehe 21 Juni 1948, mjini Manchester, mashine yao iliendesha programu iliyohifadhiwa ndani yake. Kule Cambridge, Maurice Wilkes alitumia mirija ya zebaki, mbinu nyingine ya rada, katika kompyuta ya EDSAC ya 1949. Mwaka 1951 kompyuta ya LEO ilikuwa ikifanya hesabu za ofisi za Lyons, kampuni ya chai na mikate.

Colossus ilifichwa hadi miaka ya 1970. Wafumbuzi wa Kilindini walirudi Colombo mwaka 1943, na jengo la Allidina Visram lingali shule. Kisa chake kinastahili kusomeshwa katika madarasa ya Kenya, yakiwemo ya Shauri Moyo.