Sinema Hupenda Ugonjwa Wenye Kelele

Mwaka 1967 Susanna Kaysen alikuwa na miaka 18. Daktari ambaye hakuwahi kumwona kabla alizungumza naye mara moja tu, akamwitia teksi impeleke Hospitali ya McLean, karibu na Boston, Marekani. Alikaa wodini karibu miaka miwili. Maisha hayo akayaandika katika kitabu Girl, Interrupted, kilichotoka mwaka 1993, na mwaka 1999 mwongozaji James Mangold akakigeuza filamu. Anayesoma kitabu kisha akatazama filamu hiyo hudhani amekutana na wagonjwa wawili tofauti.

Kitabu ni vipande vipande. Sura zake ni fupi, hazifuati mpangilio wa miaka, na kati yake zimewekwa nakala za karatasi halisi za hospitali. Kaysen anabishana na karatasi hizo. Anauliza daktari yule alimsikiliza kwa muda gani hasa kabla ya kumtia wodini, na msomaji anaachiwa hukumu. Filamu inataka kisa chenye mwanzo na kilele, kwa hiyo imemtungia Susanna safari ya kutoroka pamoja na mgonjwa mwenzake, Lisa, na ugomvi mkubwa chini ya jengo la hospitali. Kitabuni mambo hayo hayamo. Angelina Jolie, aliyeigiza Lisa mkorofi, ndiye aliyeondoka na Oscar.

Kaysen anaugawa wazimu mafungu mawili: wa kasi na wa polepole. Katika ule wa kasi mawazo hukimbizana. Katika ule wa polepole kila kitu huwa kizito, hata kuinua mkono. Madaktari wanaijua hali hiyo. Sonona kali hupunguza mwendo wa mwili na wa fikra: mgonjwa hujibu baada ya kimya kirefu, hujikokota, hapati usingizi, chakula hakimpiti kooni. Hakuna mwongozaji atakayeiacha kamera nusu saa mbele ya mtu aliyekaa kimya ukingoni mwa kitanda.

Hata ugonjwa wa kasi hupakwa rangi. John Nash, mwanahisabati aliyeugua skizofrenia, aliandikiwa kitabu na Sylvia Nasar mwaka 1998. Nash alisumbuliwa na sauti, na katika ugonjwa huo kusikia visivyokuwepo ni jambo la kawaida zaidi kuliko kuviona. Filamu iliyotokana na kitabu hicho, A Beautiful Mind ya mwaka 2001, ikampa rafiki wa kubuni anayeonekana kwa macho, kwa kuwa sauti tupu haijazi kioo.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kasoro hiyo ya sinema ina gharama. Anayetembea uchi akipiga kelele sokoni Kadutu hutambuliwa upesi kuwa mgonjwa, na huenda akapelekwa SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili cha mabruda wa Frères de la Charité. Mama aliyeacha kuoga, kupika na kuitikia salamu huambiwa ni mvivu, au amerogwa.

Mji huu una filamu yake pia. Mwanahabari Mbelgiji Colette Braeckman alichapisha mwaka 2012 kitabu juu ya Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi, daktari wa upasuaji aliyewatibu wanawake waliobakwa, na mwaka 2015 mwongozaji Thierry Michel akatoa filamu yenye jina lilelile, L'homme qui répare les femmes. Serikali ya Kinshasa iliipiga marufuku Septemba mwaka huo, ikidai inalichafua jeshi, kisha Oktoba ikairuhusu. Filamu ilifanya kazi yake: dunia iliziona nyuso na kusikia ushahidi. Ila kidonda cha akili hakifungwi kwa nyuzi za chumba cha upasuaji, na uponaji wake haupendezi kwenye kioo.

Uponaji huo ulipimwa mashariki mwa Kongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013 katika jarida la tiba la New England. Wanawake walionusurika ubakaji walikutana katika vikundi vya watu 6 hadi 8, saa mbili kila kikao, wakiongozwa na wasaidizi Wakongomani ambao si madaktari. Wengi hawakujua kusoma, hivyo masomo yalikaririwa. Mwanamke alifundishwa kulishika wazo moja, kwa mfano "kosa ni langu", akalihoji: lina ushahidi gani? Linanifanya nijisikieje? Wiki inayofuata analirudia. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9. Kwa waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, walikuwa asilimia 42.

Filamu ya vikao hivyo ingemchosha mtazamaji: wanawake wamekaa kwenye duara, wanazungumza, wananyamaza, wanazungumza tena. Lakini hivyo ndivyo watu wanavyopona. Basi tazama sinema upendavyo, ila usiifanye kipimo cha kumtambua mgonjwa. Ukiona ndugu au jirani amenyamaza wiki mbili, halali wala hali, usingoje aanze kupiga kelele. Mpeleke kwenye kituo cha afya.