Kifungua mimba na presha isiyopiga hodi

Mimba ya kwanza huja na washauri wengi. Shangazi atakukataza mayai, wifi atakuletea udongo wa kutafuna, jirani atalitazama tumbo na kukutangazia jinsia ya mtoto. Mayai kula. Udongo uache, kwa sababu hubeba mayai ya minyoo, na hamu yake mara nyingi huashiria upungufu wa damu. Ila kuna jambo ambalo washauri hao hulitaja kwa nadra, nalo humwandama zaidi mama kijacho wa mara ya kwanza kuliko dada yake mwenye watoto wawili: presha ya mimba.

Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma. Katika miezi ya mwanzo, chembe za kondo hupenya ukuta wa mji wa mimba na kuitanua mishipa ya damu ya mama ili damu ipite kwa wingi. Katika uzazi wa kwanza kazi hiyo hukwama mara nyingi zaidi. Kondo lisilopata damu ya kutosha huachia kemikali zinazoumiza mishipa ya mama mwili mzima. Presha hupanda, figo huvujisha protini kwenye mkojo. Kwa kawaida haya hujitokeza baada ya wiki ya 20, na yakiachwa yanaweza kuishia kwenye degedege, yaani kifafa cha mimba.

Mwanamke anaweza kuwa na presha ya 150 kwa 100 na bado akapika, akafua na kucheka na wenzake. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema, "Sijisikii vibaya, kliniki ya nini?" Kuwaficha majirani mimba changa ni haki yako. Kumficha mkunga ni kujinyima. Hudhurio la kabla ya wiki ya 12 huandika kwenye kadi presha yako ya kawaida, ambayo vipimo vya baadaye vitalinganishwa nayo. Tena ndio wakati wa daktari kuamua kama unahitaji aspirini ya dozi ndogo, hasa ukiwa na kisukari, ugonjwa wa figo, presha ya zamani au mapacha. Usijianzishie.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio nane, na matano kati ya hayo ni kuanzia wiki ya 30. Mimba inapokomaa ndipo presha inapopenda kupanda. Ukifika, pumzika dakika tano kwanza, egemeza mgongo, mkono uwe usawa wa moyo, na maongezi yasubiri. Kisha uliza namba. Usiridhike na "iko sawa". Ikifika 140 kwa 90 irudiwe na ifuatiliwe. Ikifika 160 kwa 110, ni dharura ya saa hiyo. Mkojo nao upimwe.

Mengine ya kliniki unayajua au utayasikia: vidonge vya kuongeza damu kila siku, visisindikizwe na chai, dawa ya SP ya kukinga malaria kuanzia wiki ya 13, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, chandarua, chanjo ya pepopunda, vipimo vya VVU na kaswende, ikiwezekana pamoja na mwenzi wako.

Nyumbani, miguu kuvimba jioni mara nyingi si tatizo. Uso na mikono kuvimba ghafla ni habari nyingine. Vivyo hivyo kichwa kinachouma bila kutulia, kuona vimulimuli, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Hapo usipitie duka la dawa kununua diklofenaki, ambayo haifai katika miezi ya mwisho. Nenda hospitali. Mwaka 2002 utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 33 ulionyesha kwamba sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Lakini dawa hiyo haikufuati kitandani kwako.

Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Wa kwanza uko mikononi mwa familia. Mume yuko safarini na simu haipatikani, mama mkwe anasema tusubiri kukuche. Basi uamuzi ufanyike mapema, mimba ikiwa na miezi sita: nani atasema "twende", fedha ziko wapi, nani atachangia damu. Tanzania kuna mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, namba 115, na kupiga ni bure, iandike ukutani.

Wengi hupenda kwenda kwa mama mzazi kujifungua kifungua mimba. Ni desturi njema, mradi kadi isafiri nawe na uripoti kliniki ya huko mara ufikapo. Na kama unakokwenda zahanati haifanyi upasuaji, ulizia mapema hospitali ya karibu inayofanya.

Mtoto akishazaliwa, presha haijaondoka bado. Inaweza kupanda hata kwa aliyekuwa salama miezi yote tisa, hasa wiki ya kwanza. Anayekukanda kwa maji ya moto ndani ya arobaini naye azijue dalili zile zile, na ukilalamika kichwa akupeleke ukapimwe.