Tapeli Hatafuti Mjinga, Anatafuta Asiye na wa Kumuuliza

Mtu akitapeliwa kwa simu, watu huuliza, "Kwani hukujua?" Swali hilo linaumiza, tena limekosea. Wakora hawatafuti mjinga. Wanatafuta mtu ambaye, simu inapolia, hana wa kumuuliza.

Chukua Loresho. Kuna mageti marefu na bustani, na jirani kabisa kuna Kangemi, ambako wengi wanaofanya kazi nyuma ya mageti hayo wanaishi. Kila asubuhi wanakuja kwa miguu: dada wa kazi, soja, wa kukata nyasi. Dada na mwenye nyumba wanakaa siku nzima boma moja, lakini kila mmoja ana mtego wake.

Dada anapigiwa hivi: "Bosi wako yuko kwa mkutano. Amesema umtumie fundi 5,000 saa hii, atakurudishia jioni." Dada si mshamba. Ila kazi imemfunza kutobisha, na akimpigia bosi mkutanoni anaweza kugombezwa. Mkora anajua hivyo.

Mwenye nyumba naye ni mzee aliyestaafu, watoto wako ng'ambo. Anapigiwa na kijana mwenye heshima zote: "Mzee, laini yako inafungwa leo. Nisomee namba uliyotumiwa." Hakuna mjukuu karibu wa kusema, "Guka, kata simu."

Mwaka 1979, Wamarekani Lawrence Cohen na Marcus Felson waliandika kwamba uhalifu hutokea mambo matatu yakikutana: mwenye nia mbaya, mtu anayefikika, na kukosekana kwa mlinzi. Soja yuko getini, sawa, lakini simu haiandikishwi kwenye kitabu cha wageni.

Hasara pia hailingani. Shilingi 5,000 zinaweza kumkera mwenye nyumba wiki moja. Kwa dada ni kodi ya chumba, na pengine bosi ataanza kumshuku kwamba alishirikiana na wezi. Mzee naye huenda akawaficha watoto, wasije wakamnyang'anya simu. Wote wawili wakinyamaza, mkora anapigia jirani.

Kwa hivyo tunawaomba wateja wetu:

Kama umeajiri mtu, mwambie leo: "Sitawahi kukuagiza pesa kupitia kwa mtu mwingine. Ukipigiwa hivyo, kata, kisha unipigie hata nikiwa kwa mkutano. Sitakugombeza."

Kama una mzazi anayeishi peke yake, kubalianeni ni nani atampigia kabla ya kutuma pesa au kusoma namba yoyote. Asimsomee mtu PIN. Hata sisi hatutamuuliza.

Ukiambiwa na mtu kwamba ametapeliwa, muulize kwanza, "Ulituma saa ngapi?" Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa ajenti ni vigumu kuzirudisha. Msaidie apigie huduma kwa wateja papo hapo, na asifute ujumbe wowote.

Kisha nendeni kituo cha polisi mpewe namba ya OB. Utapeli wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Anayeogopa kujitaja anaweza kupiga ripoti kwa DCI bila malipo, 0800 722 203.