Ufunguo Usiachwe Ndani ya Nyumba

Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai, 2024, ulimwengu ulipata funzo lisilofaa kusahauliwa. Saa moja na dakika 9 asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Kimarekani iitwayo CrowdStrike iliwapelekea wateja wake masahihisho mapya ya programu yake ya ulinzi, Falcon. Kazi ya programu hiyo ni kuzilinda kompyuta dhidi ya wezi na waharibifu. Siku hiyo mlinzi ndiye aliyeiangusha nyumba. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zenye kutumia Windows zilizimika, zikajiwasha, zikazimika tena, na nyingi zikabaki na kioo cha buluu kisichomfaa mwenye kazi kwa lolote.

Idadi hiyo haikufikia hata asilimia moja ya kompyuta zote za Windows duniani. Lakini zilikuwa katika viwanja vya ndege, mabenki na hospitali, yaani mahali ambapo mwananchi hana subira ya kungoja. Nchini Uingereza vituo vingi vya madaktari vilirejea kwenye kalamu na karatasi. Katika baadhi ya viwanja vya ndege vya India, abiria waliandikiwa pasi zao kwa mkono. Huko Marekani, shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika muda wa siku tano.

Chanzo chake kilikuwa kidogo mno. Mafundi wa kampuni yenyewe walieleza baadaye kwamba sehemu moja ya programu ilitarajia kupewa vipengele 21 vya taarifa, ilhali sehemu nyingine ilikuwa ikitoa 20 tu. Programu ilipokitafuta cha 21, ilitia mkono mahali pasipokuwa pake katika kumbukumbu ya mashine. Na kwa kuwa programu ya ulinzi hupewa nafasi ndani kabisa ya moyo wa Windows, haikuanguka peke yake, bali iliivuta mashine nzima. Chombo kilichowekwa kuyakagua masahihisho hayo nacho kilikuwa na dosari, kikayapitisha. Kisha yakapelekwa kwa wote kwa mkupuo mmoja, bila ya kujaribiwa kwanza kwa wachache.

Kampuni iliyaondoa masahihisho hayo baada ya dakika 78. Mtu angedhani mambo yamekwisha. La! Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kompyuta inayoanguka kabla ya kumaliza kuwaka haiwezi kupokea dawa kutoka mbali. Baadhi zilipona kwa kuzimwa na kuwashwa mara nyingi; Microsoft iliwashauri baadhi ya wateja wake warudie hata mara 15. Zilizosalia zilihitaji mkono wa mtu. Fundi alipaswa kuiwasha mashine katika hali ya usalama, ambamo huamka na vitu vya lazima tu, aingie katika folda ya CrowdStrike, alifute faili lenye nambari 291, kisha aiwashe upya. Ni kazi ya dakika chache kwa mashine moja. Mkuu wa Delta alisema kwamba shirika lake lililazimika kuzishughulikia seva 40,000 kwa mikono.

Tena palikuwa na kikwazo cha pili. Kompyuta nyingi za maofisini hufungwa kwa kufuli la siri liitwalo BitLocker, ili mwizi akiiba mashine asiweze kuyasoma yaliyomo. Kufuli hilo haliruhusu matengenezo bila ya nambari ndefu ya tarakimu 48. Wako waliozitafuta nambari hizo wakakuta zimehifadhiwa ndani ya mashine zilizokuwa zimeanguka pamoja na nyenzake. Huku ni kufunga nyumba na kuuacha ufunguo ndani.

Na msiba haukosi wenye kuufanyia biashara. Siku hiyo hiyo walizuka matapeli waliojidai kuwa wasaidizi, wakasambaza mafaili ya uwongo yenye jina la dawa na maudhui ya sumu. Dawa ya kompyuta iliyougua hutafutwa kwa mwenye programu na kwa fundi anayetambulikana. Haipokewi kwa barua ya mtu asiyejulikana.

Wapo watakaosema: basi na tuyaache masahihisho yote, mashine zibaki kama zilivyonunuliwa. Rai hiyo ni ya hatari zaidi. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa masahihisho ya kuziba ufa mmoja katika Windows. Waliopuuza walikutwa mwezi Mei na programu haribifu ya WannaCry, ambayo ilikwamisha hata hospitali za Uingereza. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Linalotakiwa ni kuyapokea masahihisho kwa utaratibu, na kuwa tayari kwa siku yatakapokuja mabovu.

Kwetu sisi watu wa visiwani jambo hili lina uzito wake. Ikiwa dawa ni mkono wa fundi, na fundi yuko Unguja ilhali kompyuta iko Pemba, basi mgonjwa anayengoja jalada lake dirishani anaingoja boti. Kwa hiyo kila ofisi yenye kompyuta ihakikishe kwamba yupo mtumishi wake, papo hapo, aliyefunzwa kuiwasha mashine katika hali ya usalama na kuondoa kilichoharibika. Nambari za kufuli ziandikwe karatasini na kuwekwa katika kasha la chuma chini ya dhamana ya mkuu wa ofisi. Nakala za kumbukumbu zihifadhiwe mahali pengine, na zijaribiwe kama kweli zinasomeka. Masahihisho yatiwe kwanza katika mashine chache zisizobeba kazi za wananchi, na zikisalimika ndipo zifuate nyingine. Na daftari la karatasi lisitupwe, kwani hilo ndilo litakalompokea mwananchi siku hiyo.

Watendaji wenye kutia saini mikataba nao wana wajibu wao. Wateja wa CrowdStrike walikuwa na hiari ya kuchelewesha matoleo mapya ya programu yenyewe, lakini mafaili ya aina ile yaliingia bila ya kuwangoja. Ni baada ya maafa ndipo kampuni ilipoahidi kuwapa hiari hiyo na kupeleka masahihisho kwa awamu. Basi kabla ya kalamu kugusa karatasi, muuzaji aulizwe: Nani mwenye amri ya kubadilisha kilichomo ndani ya mashine zetu? Mnajaribia wapi kabla ya kutuletea? Kikiharibika, nani atakuja kutengeneza, na kwa muda gani? Asiye na majibu hastahili kukabidhiwa majalada ya wagonjwa wala hesabu za umma.

Kompyuta ni chombo kama vyombo vingine, na nahodha mwenye akili hulikagua tanga lake akiwa bado bandarini. Viongozi wa ofisi zetu wasingoje kioo cha buluu ndipo waanze kuulizana ufunguo uko wapi. Waulizane leo.