Hizo Matawi Usichome, Msee

Buruburu, hapa Nairobi, ilianza kujengwa miaka ya 1970, fezi kwa fezi mpaka zikafika 5. Wenye waliingia wakiwa vijana, ndoa mpya, kazi mpya tao, wakapanda mpera na lokwati kwa hako kashamba ka mbele ya keja. Leo hao ndio shosh na guka wetu, magoti zimechoka. Na miti zao zimefika kwa waya za stima. Kila Januari, jua ikichapa, wasee wa panga hupita kwa macourti wakipunguza, matawi zinarundikwa kwa geti, jioni zinapigwa nare. Mimi hiyo moshi huniuma roho, juu fimbo ya shosh iko ndani ya hiyo rundo, na ni yeye alipanda.

Mpera si mchezo, maze. Mbao yake ni nzito na imeshikana, ndio maana shags watu huichongea mpini. Kitu inaweza kulima kutwa nzima haiwezi shindwa kupeleka shosh kanisa. Lokwati pia iko fiti. Ukiskia mtu wa Karen anakatisha mutamaiyu, wahi mbio: huo ndio Wamaasai huita oloirien, na ukipata rungu imetoka hapo, utaskia uzito kwa mkono. Mukima, yaani grevillea, wachana nao, matawi yake huvunjika haraka. Jacaranda inabamba ikitoa maua, lakini kwa fimbo ni mwepesi sana. Alafu kuna za kuhepa kabisa. Kariaria, ile ya ua yenye maziwa meupe, utomvu ukiingia kwa jicho ni hatari. Oleanda ni sumu mti mzima.

Sasa, usikimbilie tawi iliyonyooka tu. Cheki pale tawi ndogo imetokea kwa ile kubwa. Kata ukibeba na kipande ya hiyo kubwa, kama ngumi hivi. Hapo umepata kishikio na mguu kwa mti mmoja. Nyuzi zimepinda pamoja tangu zikiwa changa, hakuna gundi, hakuna msumari. Fundi wa Gikomba aunge mbao vile anataka, hiyo kona mti imekuundia yenyewe iko juu. Unene wa sentimita 2.5 hivi unatosha. Nyembamba sana itayumba akiegemea.

Kukausha ndio kazi yenyewe. Maji hutoka kwa ncha haraka kuliko katikati, kwa hivyo mbao hupasukia mwisho. Kata ndefu kuliko unahitaji, paka ncha zote nta ya mshumaa ama rangi iliyobaki, wacha ganda, funga kadhaa pamoja na mpira wa tyubu ndio zisipinde, weka kwa kivuli penye hewa. Chini ya kitanda ni sawa. Inaweza kuchukua mwaka. Andika kwa ncha jina ya mti na mwezi, uendelee na mambo zako.

Ikikauka na imepinda kidogo, usiitupe. Chemsha maji, shika pale imepinda juu ya mvuke, zungusha polepole mpaka uskie mti umelegea mkononi. Weka kwa goti, kunja ipitilize kidogo upande ule mwingine, alafu tulia hivyo hadi ipoe. Mikono zitawaka moto. Ukiachilia mapema inarudi vile ilikuwa. Baada ya hapo toa ganda, ndio uingie msasa, namba 80, 120, mpaka 240, kisha mafuta ya linsidi, uipake nyembamba, ikauke, urudie. Fundo wacha zionekane, hapo ndio luku iko. Na kile kitambaa cha mafuta kitandaze nje kikauke. Ukikirundika kinaweza kujiwasha.

Wasee wengine huniambia fimbo ni ya wazee. Zii. Marais wetu wawili wa kwanza walijulikana kwa kitu cha mkononi, Mzee Jomo na mgwisho wake, Moi na rungu. Kwa ruracio siku hizi machali wa rika yangu wanashika fimbo na zinawakalia poa. Ngong Hills nayo, ile miteremko, utaitisha mguu wa tatu.

Lakini ya shosh kwanza, na hii lazima upime na yeye mwenyewe. Asimame na viatu zake za kila siku, mikono imelegea. Juu ya fimbo ifike pale kiganja kinakunjana na mkono. Ikizidi, bega linapanda. Ikipungua, anainama na mgongo unalia. Ashike upande wa mguu mzima, sio ule unauma. Chini weka mpira, maduka ya dawa huuza, juu tailosi za kanisa huteleza. Na usikate yote mara moja: bakisha sentimita 2, atembee mpaka kwa geti na kurudi, akwambie bega linaskia aje, ndio upige msumeno ya mwisho.