Siku moja Florence: mahali wanauza mpaka jina la kilima

Bandugu wa promosheni, wengi mliniandikia: «Ulifika Florence, ulituletea nini?» Nilileta chupa mbili za mafuta ya zeituni na swali moja. Acha nieleze.

Tulikuwa mu mafunzo mafupi ya kilimo huko Toscana, na siku ya mwisho ilikuwa ya kutembea na kununua. Guide wetu, mama mmoja mwenye kushika mwavuli mwekundu juu hata kama mvua hakuna, alitupeleka kwanza kwa kanisa kubwa. Ile kuba yake ya matofali, Brunelleschi aliimaliza 1436. Wenye nguvu walipanda ngazi 463. Mimi nilibakia chini. Lakini guide alisema neno moja lilinishika: wenye kusimamia ujenzi ule ilikuwa chama cha wafanyabiashara wa sufu. Manyoya ya kondoo, bandugu!

Tukapita Ponte Vecchio, daraja ya 1345. Zamani wauza nyama walikuwa pale. Mu 1593 mtawala Ferdinando I akawaondoa juu ya harufu, akaweka wafua dhahabu, na mpaka leo ni dhahabu zaidi. Niliuliza bei ya pete moja, nikarudisha mkono mfukoni. Saa sita tulikula lampredotto, ni kusema tumbo la nne la ng'ombe ndani ya mkate. Watu wanapanga mstari juu ya matumbo, sawa kwetu.

Kisha soko ya San Lorenzo, jengo la chuma na vioo la 1874. Pale njo siku yangu ilianza kweli. Nilishika chupa mbili za mafuta, kipimo kimoja, lakini ya pili bei yake mara tatu. Nikageuza nyuma. Ya kwanza ilisema: mchanganyiko wa mafuta ya zeituni kutoka Umoja wa Ulaya. Ya pili ilikuwa na alama ya DOP na jina Chianti Classico. Alama ile maana yake zeituni ziliota, zikavunwa, zikakamuliwa ndani ya mipaka ya eneo lile, na mkaguzi wa inje alihakikisha.

Mambo hayo hayakuanza jana. Mu 1716 mtawala Cosimo III alitoa amri yenye kuchora mipaka ya Chianti na maeneo mengine matatu, juu watu walikuwa wanauza divai ya kwingine kwa jina lile. Mu 1924 wakulima wakajiunga kulinda jina. Alama yao ni jogoo mweusi, bado iko kwa shingo ya chupa. Zabibu ya Sangiovese lazima ifike asilimia 80 kwenda juu. Ukichanganya vibaya, jogoo huna.

Nikaenda kunywa kahawa (kunyweni mkisimama, kukaa kwa meza kunaweza kulipisha zaidi). Kwa rafu, pakiti zilisema «100% Arabica» na basi. Mlima hakuna, kijiji hakuna. Nikauliza muuzaji inatoka wapi. Akajibu kwa fahari: «Ni kahawa ya Italia.» Siku zote nilizunguka vilima vya Toscana, sikuona mti hata mmoja wa kahawa.

Nilikumbuka Idjwi na Kalehe, kahawa yetu ikivuka ziwa usiku mu mitumbwi kwenda Rwanda, wengine wakizama, na gunia likifika ng'ambo linapoteza jina. Lakini nisidanganye. Msimu uliopita, mu kooperativi yetu, watu walichanganya matunda mekundu na mabichi ili kilo ziongezeke. Mimi agronome wao niliona, nikanyamaza, juu wawili kati yao ni wajomba zangu. Kule Chianti mchanganyaji anatolewa hata kama ni mjomba wa mtu. Udongo tunao, urefu wa mlima tunao. Ile ya kumuambia mjomba «hapana», mimi sikuwa nayo.

Nilinunua chupa mbili za bei kali, nikaziweka mu valizi kubwa. Mu mfuko wa mkono wangezichukua kwa uwanja wa ndege. Moja iko kwa mama. Ya pili niliiweka kwa meza ya kooperativi, bado haijafunguliwa. Wajomba waliigeuza, wakauliza hii alama ni ya nini. Mkutano ni juma ya kesho kutwa.