Kuku Chotara kwa Ua wa Askari

Askari na polisi wengi wapendao kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba zao huuliza: tununue kuku gani? Sisi twaona kwamba swali hilo halijibiwi na muuza vifaranga. Hujibiwa kwanza na ua wenyewe, na mfuko.

Kuku wa kahawia aitwaye ISA Brown, aliyezalishwa Ufaransa katika miaka ya 1970, ni hodari wa kutaga. Huanza afikapo wiki 18 hadi 20, na akitunzwa vema aweza kutaga mayai 300 katika mwaka mmoja, hali mtetea wa kienyeji hutaga 40 hadi 60. Lakini yeye ni mlaji wa ghalani. Kila mmoja hutaka gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku. Kuku 10 basi humaliza kilo 33 hadi 36 kwa mwezi, chakula cha kununua, chenye chokaa ya kutosha kwa ajili ya maganda. Fedha zikikatika katikati ya mwezi, mayai nayo hupungua mara moja.

Kuroiler ni wa namna nyingine. Alizalishwa India, akaingia Uganda mwaka 2010. Mayai yake ni 150 hadi 200 kwa mwaka, walakini huchakura, hula wadudu, majani na mabaki ya jikoni, na majogoo yake huuzwa kwa nyama. Mwenzetu awezaye kuamriwa leo usiku kwenda mpakani, akamwachia mama watoto kazi yote, sisi twampendekezea huyu.

Wengine huweka mayai ya chotara yaatamiwe na mtetea wa kienyeji, wakitumaini kupata watagaji bure. Vifaranga hutoka, ila sifa za wazazi hutawanyika. Kila kundi jipya sharti litoke kwa mzalishaji anayeaminika. Na mnunuzi wa ISA Brown atazame rangi: kifaranga jike cha siku moja ni kahawia, dume ni cheupe au manjano. (Hapo ndipo wenye haraka hupunjwa.)

Kuhusu kideri, chotara hana kinga zaidi ya kuku wa kijijini. Chanjo hutolewa tangu utotoni, kisha hurudiwa kila miezi mitatu. Na kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi mno, yafaa majirani wa kambi moja wachange na kuchanja siku moja.